Pete ya Korongo

Ninalo kopo la majani ya chai ambalo nimelitunza tangu ujana wangu. Ndani yake mna kalamu ya wino isiyoandika, vifungo viwili vya suti, na kwa miaka mingi mlikuwa pia na pete nyembamba ya alumini yenye namba na maneno ya kigeni. Pete hiyo haikuwa ya kidole cha mtu. Ilivaliwa mguuni na ndege. Nilikaa nayo zaidi ya miaka arobaini bila kumweleza mtu habari zake. Nataka sasa nizieleze, kwa kuwa ni sehemu ya historia ndefu, na kwa kuwa katika historia hiyo mimi nilikosea.

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, tumezoea kuwaona korongo weupe mvua zinapokwisha kushika, kuanzia Novemba. Ni ndege wakubwa, miguu na mdomo vyekundu, ncha za mbawa nyeusi. Hushuka mashambani na mbugani kwa makundi, wakatembea taratibu kama wakaguzi wa shule, wakiokota panzi na viwavijeshi. Bonde la Malagarasi, linalopokea maji ya mto Moyowosi, ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, hivyo basi ndege wa namna hii ni msaada kwa mkulima. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Machi na Aprili hupita tena wakielekea kaskazini, kisha hatuwaoni. Nilipokuwa mtoto niliwauliza wazee wanakwenda wapi. Walinijibu, "Wanakwenda kwao."

Jibu hilo lilikuwa fupi, lakini kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya hawakuwa na jibu lililo bora zaidi. Wao waliwaona korongo wakija majira ya joto, wakijenga matago juu ya mapaa ya nyumba, na ilipofika Agosti wakatoweka. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliamini kwamba baadhi ya ndege hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1555 askofu Olaus Magnus wa Sweden aliandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu. Katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton alidai kwamba ndege huruka hadi mwezini. Tusiwacheke sana. Mtu asiyeweza kumfuata ndege hana budi kubuni.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1822. Mwezi Mei wa mwaka huo, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mmoja aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni. Mkuki huo, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, ulikuwa wa mti na chuma vya Afrika ya kati. Ndege huyo alikuwa amechomwa huku kwetu Afrika, hakufa, akaruka na mkuki wake hadi Ulaya. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mimi nauona mkuki ule kama barua ya kwanza kutoka Afrika kuhusu jambo hili. Aliyeituma hakujua kwamba ametuma barua, na walioipokea hawakuweza kujua jina lake.

Barua zenyewe, za karatasi na wino, zilianza baadaye, na aliyezianzisha alikuwa mwalimu mwenzetu. Hans Christian Cornelius Mortensen alifundisha katika mji wa Viborg, Denmark. Mwaka 1899 alianza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani. Fikra yake ilikuwa rahisi: atakayempata ndege aisome anwani na aandike barua. Mwaka 1901 Johannes Thienemann, aliyesomea uchungaji, alifungua kituo cha ndege kijijini Rossitten, pwani ya Bahari ya Baltiki, na katika miaka iliyofuata akaanza kuwavisha pete makinda ya korongo. Nchi yetu wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Barua zikaanza kurudi kutoka Afrika. Kutokana na barua hizo ilijulikana kwamba korongo wengi wa Ulaya ya mashariki na ya kati hupitia mlango wa bahari wa Bosporus, wakashuka Palestina na Sinai, wakaufuata mto Naili, wakafika Afrika ya Mashariki na kuendelea hadi kusini. Hawakati bahari, kwa sababu korongo huelea angani kwa kubebwa na hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha mbayuwayu. Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, mtu mmoja alimvisha mbayuwayu pete. Desemba 1912 ndege huyo alinaswa ndani ya nyumba ya shamba Natal, Afrika ya Kusini, na mtu wa huko akaandika barua London. Kabla ya hapo hapakuwa na uthibitisho kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika mbali kiasi hicho. Mwaka 1931 Wajerumani wawili, Ernst Schüz na Hugo Weigold, walichapisha kitabu cha ramani za safari za ndege kilichotokana na pete hizo. Ukizitazama ramani za namna hiyo utaona nukta tu. Kila nukta ni ndege aliyepatikana, na nyuma yake kuna mtu aliyeona kwamba inafaa kuandika.

Kisa cha mbayuwayu nilikisikia kwa mara ya kwanza chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutoka kwa mkufunzi wetu wa sayansi. Alichora pete ubaoni na akatueleza kazi yake. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo.

Novemba 1978 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Kibondo. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia nchi yetu katika mkoa jirani wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alilihutubia taifa kwa redio, na vita ikaanza. Kila mgeni kijijini alitazamwa mara mbili, na kila aliyetoka upande wa kaskazini alitakiwa kujieleza.

Siku moja ilinyesha mvua ya mawe. Kesho yake mzazi mmoja alimkuta korongo amekufa kando ya shamba lake la mahindi, na mguuni ana pete. Aliitoa, akampa mwanawe aliyekuwa darasa la tano, akamwambia, "Mpelekee mwalimu, yeye atajua." Mtoto hakufika shuleni. Njiani aliwaonyesha wenzake, mgambo akaiona, na pete ikafikishwa ofisi ya kijiji. Ndege ametoka kaskazini, ana chuma mguuni, na chuma kina namba na lugha isiyoeleweka. Kwa siku zile hayo yalitosha. Baba wa mtoto aliitwa, na baada ya saa moja na mimi nikaitwa ili nisome.

Niliisoma. Neno moja lilikuwa "Vogelwarte," jingine "Radolfzell," la tatu "Germania." Kijerumani sikukijua, lakini Germania niliijua kutoka vitabu vya historia, na pete niliijua tangu ubao wa chuoni. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni kitu gani?" Yule baba alikuwa amekaa sakafuni, ananitazama. Nikasema, "Sijui, Mwenyekiti. Ni lugha ya kigeni."

Kwa nini nilisema hivyo? Niliogopa swali la pili. Niliogopa kuulizwa, wewe umejuaje? Uliambiwa na nani? Una habari gani nyingine za Wazungu? Nilikuwa mgeni katika kijiji kile, nina mke na mtoto mchanga. Hizo ndizo sababu zangu, na nimezipima mara nyingi. Uzito wake haufiki siku mbili ambazo yule mzee alilala juu ya magunia katika ghala la mbolea, mlango ukilindwa.

Siku ya tatu alipita Bwana Mifugo kutoka wilayani. Alionyeshwa pete, akacheka, akaeleza papo hapo kwamba ni pete ya ndege wa Ujerumani. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Mzee aliachiwa, na pete nikakabidhiwa mimi iwe kifaa cha kufundishia. Bwana Mifugo aliniambia, "Mwalimu, waandikie wenyewe. Watafurahi." Nikamjibu nitaandika.

Sikuandika. Barua ya namna ile hutaja mambo machache tu: namba ya pete, tarehe, mahali, namna ndege alivyopatikana, na jina la aliyempata. Manne ya kwanza niliyajua. La tano lilinitaka niende kwa yule mzee, nikae mbele yake, nimwombe jina lake kamili. Kila nilipofikiria kwenda nilipata kazi nyingine. Vita ikaisha mwaka 1979, nikahamishiwa Kasulu, nikawa mkuu wa shule, nikapewa shule nyingine, nikastaafu. Kopo la chai nilihama nalo.

Baada ya kustaafu ndipo nilipoanza kusoma habari za ndege kwa nafasi. Nilimsoma Reginald Moreau, Mwingereza aliyeishi Amani, milima ya Usambara, kuanzia 1928, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya ndege wahamao kati ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972, baada ya kifo chake. Yeye alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huja Afrika kila mwaka. Hesabu mpya iliyochapishwa mwaka 2009 ilipata bilioni 2 na kidogo. Nilisoma pia habari za Jali Makawa, Mwafrika aliyewatafuta ndege kwa miaka mingi pamoja na Mwingereza Constantine Benson. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, ulipatikana mfano mmoja tu wa ndege mdogo asiyejulikana, na katika jina lake la kitaalamu wakamwekea Makawa. Nilifurahi kuona hivyo, kisha nikajiuliza: ni wangapi walioshika ndege mkononi na hawakuandikwa popote? Nilikuwa tayari kuwalaumu wakoloni kwa kosa hilo. Lakini pete ilikuwa kwangu. Aliyeacha kuandika jina la Muha mwenzake alikuwa mimi.

Nilisoma pia kwamba kila mwaka, Aprili, watu wa Ulaya husafiri hadi kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, wakiwa na darubini, ili kuwaona ndege wanaorudi kutoka Afrika. Humkimbilia aliye adimu, humwandika daftarini kwa siku na saa. Kwao huo ndio mwanzo wa habari. Lakini wengi wa ndege hao wamekaa nusu mwaka wakila panzi wa mashamba kama yetu. Mwaka 2000 nchi yetu iliorodhesha ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, hekta zaidi ya milioni 3, chini ya Mkataba wa Ramsar, na ikawa eneo letu la kwanza. Siku hizi wataalamu huwafunga korongo vyombo vidogo vinavyotuma habari kwa setilaiti. Ni maendeleo makubwa. Ila chombo hicho hakihitaji barua ya mtu, wala hakiulizi jina la mwenye shamba.

Mwaka 2021 nilipanda basi kwenda Kibondo. Yule mtoto wa darasa la tano nilimkuta mtu mzima mwenye wajukuu. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nilitoa pete, nikaiweka mezani, nikamweleza yote, bila kuacha lile neno "sijui."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, baba alijua kwamba unajua. Alituambia alikuona ulivyoisoma. Alisema mwalimu aliogopa, na vita ni vita." Nikamuuliza kama baba yake alikuwa na kinyongo. Akajibu, "Alikuwa akiuliza tu kama uliandika ile barua."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliandika barua siku ile ile. Namba tuliisoma kwa taabu, kwa kuwa tarakimu moja imelika. Tarehe tuliandika Novemba 1978, mahali tukaandika kijiji chake na wilaya ya Kibondo, namna alivyopatikana tukaandika mvua ya mawe. Tulipofika penye jina la aliyempata nilimpa kalamu. Aliandika majina matatu ya baba yake, polepole, kwa herufi kubwa. Hapa siyataji, kwa sababu aliniomba yawe kwenye barua tu. Pete tuliitia ndani ya bahasha. Kesho yake tulikwenda posta pamoja, na gharama ya stempu tukachangia nusu kwa nusu, kwa kuwa alikataa nilipe peke yangu.