Barabara, Vijiji na Moshi katika Nchi ya Mara

Zamani, kabla dizeli haijaenea pande za Mara, Wazanaki wa Butiama na jirani zao walikaa katika miji iliyotawanyika, kila mzee na boma lake. Na shehena za Musoma zilichukuliwa ziwani na meli za moshi zilizoiunganisha bandari hiyo na Kisumu, mahali reli ya Uganda ilipofika mwaka 1901, hata masizi ya tijara yakapotelea majini, mbali na vifua vya watoto.

Barabara ya Mwanza iliyopita Bunda kuelekea Musoma na Sirari iligeuza hali hiyo, kwani biashara ilihamia kandoni mwake. Lakini raia wengi walisogezwa na amri. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitangaza kwamba kukaa vijijini ni lazima, na kwamba jambo hilo litimie kabla ya kwisha mwaka 1976. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji yawafikie wote, na kwa kuwa huduma hizo huja kwa gari, vijiji vingi nchini vilipangwa kandokando ya njia kuu, wakati ambapo magari yalikuwa haba.

Magari sasa ni mengi. Lori lililozidishiwa shehena, ambalo pampu na nozeli zake zimechakaa, haliunguzi mafuta sawasawa, bali hutapika moshi mweusi ambao chembe zake nyembamba hupenya hata ndani ya mapafu, nyingine zikaingia damuni, zikamzidishia mtoto pumu na mzee maradhi ya moyo. Juni 2012, wanazuoni wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikata shauri kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikapunguza kiberiti katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua ya kushukuriwa, ijapokuwa mafuta safi hayaiponyi injini mbovu.

Hewa hiyo chafu hupungua sana mita mia chache tu kutoka barabarani. Basi dola iliyokuwa na kudura ya kuwaleta watu njiani ina dhima ya kuweka shule, zahanati na nyumba mpya za umma mbali na njia hiyo, na kuzitenga stendi za malori na makazi. Na hiyo si hisani, ni haki ya raia waliotii.