Bawaba, Cheni na Gereji: Baiskeli ya Milimani Ilivyopata Shokapu ya Nyuma

Mwaka 1885 kampuni ya Linley & Biggs ya London ilitoa baiskeli iliyoitwa Whippet. Usukani, kiti na pedali vilikuwa vimeshikamana pamoja kisha vikaning'inizwa kwenye fremu kwa springi, hata magurudumu yakicheza juu ya mawe mpandaji hatikisiki sana. Haikudumu. Kati ya 1887 na 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alimtengenezea mwanawe tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Tairi lile likamaliza sehemu kubwa ya mtikisiko, tena kwa uzito mdogo, na springi za Whippet zikaonekana mzigo wa bure. Kitu kilichofanyiwa majaribio nyumbani kikakifuta kilichotoka kiwandani. Historia ya baiskeli ina visa vingi vya namna hiyo.

Springi zilihamia kwenye pikipiki na huko zikastawi. Upande wa baiskeli, aliyezirudisha kwa kishindo ni Alex Moulton, mhandisi Mwingereza aliyebuni shokapu za mpira za gari la Mini. Mwaka 1962 alitoa baiskeli ya magurudumu madogo yenye shokapu mbele na nyuma, ikiundwa kwenye kiwanja cha nyumba yake mjini Bradford-on-Avon. Lakini ilikuwa baiskeli ya lami. Milima ilikuwa bado.

Milima ilianzia Marin, kaskazini ya San Francisco, na ilianza bila springi hata moja. Tarehe 21 Oktoba 1976 kundi la vijana lilishindana kuteremka barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, mteremko wa kilomita tatu hivi unaoshuka takriban mita 400. Walipanda baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki ya ndani ya habu ambayo hushika ukikanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini, habu inafuka moshi na grisi imeungua. Lazima ifunguliwe ipakiwe upya, na ndiyo sababu mbio zile ziliitwa Repack. Mmoja wao, Joe Breeze, akachoka kuvunja vyuma vya zamani. Mwaka 1977 akajiundia fremu mpya ya chuma cha kromoli, na baiskeli ile leo imo katika makumbusho ya Smithsonian. Tom Ritchey alifuata kwa fremu ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly waliziuza kuanzia 1979. Viwanda vikubwa vikaja baadaye; Stumpjumper ya Specialized ilitoka 1981.

Zote zilikuwa kavu, bila shokapu mbele wala nyuma. Shokapu ya mbele ilipatikana mapema kwa kuwa foku ya pikipiki ilikuwapo ya kuigwa. Mwaka 1987 Paul Turner, aliyewahi kuwa fundi wa pikipiki za motokrosi, alionyesha huko Long Beach baiskeli yenye shokapu pande zote mbili, na miaka miwili baadaye akashiriki kuanzisha RockShox. Huko Colorado, Doug Bradbury aliunda foku za Manitou nyumbani kwake, akitia vipande vya mpira mahali pa springi na mafuta. Mashindano ya dunia ya mwaka 1990 mjini Durango yalipokwisha, hakuna aliyebaki akiiona foku ya shokapu kama mchezo wa watoto.

Nyuma ndiko kulikokuwa na kesi, na mshitakiwa hakuwa springi bali cheni.

Pikipiki inaendeshwa na injini isiyochoka. Baiskeli inaendeshwa na miguu, kwa vipigo. Kila mguu unaposhuka, cheni huvuta gurudumu la nyuma kuelekea pedali, na uzito wa mpandaji nao huegemea nyuma. Mkono wa nyuma, yaani sehemu ya fremu inayobeba gurudumu la nyuma na kucheza kwenye bawaba, ukiwekwa ovyo, fremu itainama na kuinuka kila mzunguko, na nguvu zinapotelea kwenye shokapu. Ukipandisha bawaba juu ili mvuto wa cheni uzuie kuinama huko, unazua tatizo jingine: gurudumu likipanda juu ya jiwe, umbali kutoka ekseli hadi pedali unaongezeka, cheni inakazika, na pedali inampiga mpandaji teke kinyumenyume. Sentimita mbili za mahali pa bawaba hubadilisha tabia ya baiskeli nzima. Mafundi wengi wa mwanzo walinunua shokapu nzuri wakakosea bawaba.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni Horst Leitner, Mwaustria aliyekuwa mshindani wa pikipiki kabla ya kuhamia Laguna Beach, California. Kwenye pikipiki alikuwa ameshashughulika na swali lilelile, jinsi ya kuuondoa mvuto wa cheni kwenye shokapu. Kwa baiskeli alikata bomba la chini, lile linalokwenda sambamba na cheni, akatia bawaba ndogo mbele kidogo ya ekseli. Ekseli ikawa haibebwi tena na mkono wenyewe ila na kipande cha pili, na hivyo njia yake ya kupanda na kushuka ikaweza kupangwa. Breki nayo, ikiwa imefungwa kwenye kipande hicho, haikazi shokapu kama zamani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna bawaba ndogo iliyofanya kazi kubwa zaidi katika ufundi wa baiskeli.

Mert Lawwill, bingwa wa mbio za pikipiki wa Marekani mwaka 1969 na mkazi wa Marin, naye alitoa mfumo wa viungo vinne uliotumika kwenye baiskeli za Gary Fisher mwanzoni mwa miaka ya 1990. Specialized iliichukua bawaba ya Leitner kwa mfumo wake wa FSR, kisha ikainunua hataza yenyewe. Kampuni zisizotaka kulipa zilihamisha bawaba juu ya ekseli, kwenye bomba linaloshuka kutoka chini ya kiti. Kwa macho zinafanana. Barabarani, ekseli imerudi kubebwa na mkono mmoja.

Hataza hiyo imeshaisha muda, na anayejiundia gerejini kwake leo yuko huru kuitia bawaba ya Leitner anapotaka. Programu kama BikeCAD na Linkage humchorea mwendo wa ekseli kabla hajakata bomba. Chuma cha kromoli bado ndicho mwenzake wa kweli: kinaungika kwa gesi na shaba, wakati alumini ya aina ya 6061 ikishachomelewa hudai kupashwa moto upya katika tanuri ili irudishe nguvu. Kazi ya kuumiza kichwa iko kwenye makao ya beringi. Moto wa kulehemu hupinda tundu kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi inaingia ikiwa imebanwa upande, na baada ya miezi michache mkono wa nyuma unaanza kulia. Fundi makini huungia tundu likiwa dogo kuliko kipimo, husubiri chuma kipoe, halafu hulichonga kwa kifaa cha kulainisha tundu hadi beringi iingie kwa nguvu ya kiasi.

Anayetaka kuanza aanze na bawaba moja tu na mabomba ya chuma. Starling Cycles ya Bristol inauza baiskeli za namna hiyohiyo, na wanunuzi wanazipanda kwenye miteremko mikali.