Kodi ya moshi ng'ambo ya Mto Songwe

Gari linalotoka Kyela kwenda Karonga likishavuka Mto Songwe, kinachotazamwa kwenye kadi yake ni ukubwa wa injini. Malawi ilianza kutoza magari kodi ya kaboni mwaka 2019. Ya kwao hulipa kila mwaka, ya kigeni hulipa mpakani, na kadiri ujazo wa injini (cc) unavyozidi ndivyo malipo yanavyopanda.

Zambia iliwatangulia mwaka 2006 kwa kipimo hichohicho. Zimbabwe ilikuwa imeanza 2001, na siku hizi inaikata kwenye kila lita ya mafuta. Waasisi wa kodi hii ni Finland, mwaka 1990, na Sweden mwaka uliofuata. Sweden ilianza na krona 250 hivi kwa tani ya hewa ukaa. Sasa inatoza zaidi ya dola 100.

Kwetu Tanzania gari hupimwa kwa umri. Gari dogo la abiria lililokwishatumika nje, lenye umri wa miaka minane hadi kumi, huongezewa ushuru wa asilimia 15 linapoingizwa nchini. Likizidi miaka kumi, asilimia 30. Ndiyo maana anayeagiza gari aina ya IST au Noah kutoka Japani huuliza mwaka wa kutengenezwa kabla ya kuuliza rangi. Lakini ushuru huo hulipwa mara moja tu, bandarini. Baada ya hapo gari litapanda na kushuka milima ya Tukuyu miaka na miaka, likitoa moshi mzito kadiri injini inavyochoka, wala Hazina haipati senti nyingine kwa uchakavu huo.

Kila nchi inapima kitu chake, kwa hiyo kulinganisha makusanyo yao kwa jumla peke yake kunapotosha. Kodi ya kaboni ya Malawi haijali gari limechoka kiasi gani, nao ushuru wetu wa umri haujali linatembea kilomita ngapi. Sweden inatoza mafuta yenyewe, hivyo anayechoma zaidi analipa zaidi. Kwangu hiyo ndiyo haki. Nasi njia ya kukusanya tunayo tayari: kila lita ya petroli na dizeli inakatwa tozo ya Mfuko wa Barabara. Sehemu ndogo ingeweza kutengwa kwa ajili ya hewa safi, na wilaya kama Kyela, inayopokea malori yaendayo Malawi, ikapewa fungu lake kwa jina.