Speakeasy Tuiiteje?

Kiingereza cha Marekani kina neno "speakeasy", yaani baa ya kuuza pombe kwa siri bila kibali, ambalo kwa asili yake ni agizo: sema taratibu. Leo wanaoling'ang'ania ni wenye baa za kokteli zilizopambwa kwa mtindo wa enzi ya marufuku ya pombe, na milango yao isiyo na kibao. PDT ya New York, iliyofunguliwa 2007, huingiwa kupitia kibanda cha simu kilicho ndani ya duka la soseji, na herufi za jina lake zinamsihi mteja asimwambie mtu. Siri hiyo inajulikana dunia nzima.

Neno lenyewe ni kongwe kuliko marufuku. Magazeti ya Pennsylvania yalilitumia tangu miaka ya 1880, ada za leseni zilipopandishwa na wauzaji wadogo wakaona heri kuuza bila leseni. Marufuku ya nchi nzima ilianza 17 Januari 1920, ikafutwa 5 Desemba 1933. Sheria ya Volstead ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha kileo, kunywa hakukukatazwa. Ndiyo maana napenda lile agizo la kushusha sauti. Shingo iliyokuwa hatarini ilikuwa ya muuzaji, na mnywaji aliombwa adabu tu.

Kule 21 Club ya New York, mtaa wa 52, stoo ya chini ilikuwa na mlango mzito uliofanana kabisa na ukuta, na rafu za baa ziliundwa ziangushe chupa polisi wakibisha. Hayo baa za leo huyaiga kwa furaha. Haziigi pombe yenyewe, na hapo zina busara. Serikali iliamuru alkoholi ya viwandani itiwe sumu, methanoli ikiwemo, ili isinyweke. Ikaibwa, ikanywewa, ikaua. Wala kokteli haikuzaliwa katika enzi hiyo. Gazeti la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilikuwa limekwisha kuieleza 1806: kileo kikali, sukari, maji na dawa chungu ya mitishamba. Marufuku ilipokuja mafundi walihama. Harry Craddock alivuka bahari akaenda hoteli ya Savoy, London, na kitabu chake cha kokteli kikatoka 1930. Enzi inayosifiwa kwa kokteli ndiyo iliyomfukuza bingwa wake.

Sasa, kwa Kiswahili tuiiteje? "Baa ya siri" haina ladha. Hata jasusi anaweza kuwa na baa ya siri. Nairobi kuna jina lililopikwa na mazingira yaleyale: kwa mama pima. Limebeba mengi kwa maneno matatu. Mahali ni kwa mtu, si dukani. Mwenyewe ni mama, na biashara iko nyumbani kwake. Kinywaji hupimwa kwa kikombe, maana chupa yenye nembo haipo. Chang'aa yake, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa haramu Kenya hadi sheria ya 2010, na methanoli nayo ilifika: Novemba 2000, mtaani Mukuru, pombe yenye sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100. Chang'aa hiyo Tanzania mtaa unaiita gongo, lakini hati ya mashtaka inasema pombe ya moshi, na mshtakiwa hulazimika kujifunza jina rasmi la alichokuwa anauza.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimtetee mama pima. Baa za Marekani za kabla ya 1920 zilikuwa za wanaume. Ni vilabu vya marufuku vilivyoketisha wanawake mezani, na huko New York mkaribishaji aliyevuma kuliko wote alikuwa mwanamke, Texas Guinan, aliyekamatwa zaidi ya mara moja. Mama pima angemwelewa bila mkalimani.

Kwa hiyo katika kitabu cha historia ningeandika "kwa mama pima wa New York" bila kusita. Kwa baa ya leo, yenye leseni ukutani na mlango uliofichwa kwa makusudi, neno hilo ni zito mno. Watoto wa Tanzania wana mchezo ambao mmoja hufumba macho, wengine wakajificha huku wakiomba moyoni waonekane. Iitwe baa ya kombolela.