Elimu ya jumla katika chuo kikuu

Elimu ya jumla ni sehemu ya mtaala wa shahada ya kwanza inayomtaka kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa fasihi, asome mambo yaliyo nje ya fani yake. Columbia, nchini Marekani, ilianzisha somo la ustaarabu wa kisasa mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hadi leo hufundishwa kwa majadiliano ya vikundi vidogo.

Dar es Salaam wazo hili lilitokana na mgogoro. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza mamia yao. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata mkutano ukaitishwa kujadili chuo kinapaswa kuwa cha namna gani katika nchi ya kijamaa. Ikaanzishwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa vitivo vyote. Wahadhiri walivutana: wapo waliotaka mafunzo yavuke mipaka ya idara, wapo waliohofia fani zao zitafifia. Mvutano huo ulikuwa wa kheri, kwa kuwa ulimlazimisha kila mwalimu kueleza somo lake lina faida gani kwa asiyelisomea. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na kozi zake wanafunzi wanazijua kwa herufi mbili tu: DS.

Kazi ngumu ya mhadhiri wa kozi kama hizi ni kuandika malengo ya kujifunza. Lengo la kwamba mwanafunzi “aelewe maendeleo” halitungiki swali. Lengo linalofaa hutaja tendo linaloonekana: aweze kulinganisha sera mbili za ardhi, akosoe takwimu alizopewa, atetee hoja kwa ushahidi. Benjamin Bloom na wenzake walipanga matendo ya namna hiyo kwa ngazi mwaka 1956, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na wahadhiri wengi bado hutumia mpangilio huo.

Malengo mazuri huvunjikia ukumbini. Kozi ya lazima hukusanya mamia ya wanafunzi kwa mhadhiri mmoja. Semina zikikosa walimu wasaidizi, insha hazisahihishiki kwa wakati, na mtihani hugeuka wa kuchagua jibu. Hapo anayepimwa kukosoa kwa maandishi huishia kupimwa kukumbuka.