Haina Moto: Moto Upi?

Mpelekee fundi pikipiki iliyogoma kuwaka, naye atakujibu kwa maneno mawili: "Haina moto." Jibu hilo limebeba mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya hununua betri mpya bure.

Kuna moto wa betri, ambao vitabuni huitwa volteji. Hupimwa kwa volti, kipimo kilichopewa jina la Mwitaliano Alessandro Volta, aliyetangaza betri yake mwaka 1800. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja volti mbili na ushee. Ikiwa imejaa na imetulia, mita husoma karibu 12.7. Ukibonyeza selfu ukasikia tik-tik-tik na taa zikafifia, moto huu ndio mdogo, au vichwa vya betri vimelegea, au vimeota unga mweupe. Injini ikishanguruma, mita ipande hadi 13.5 au 14 na kitu. Isipopanda, betri haiingizi chaji, na hata ukiweka mpya itakufa vilevile.

Kuna na moto wa plagi. Huu Kiswahili kimeshaupa jina zuri: cheche. Una maelfu ya volti, nao huruka mwanya usiofika milimita moja. Ichomoe plagi, ivalishe kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, kisha piga kiki uone kama cheche inaruka. Pikipiki nyingi za kiki huzalisha cheche kwa sumaku ya injini, bila kuomba kitu kwa betri. Ndiyo maana betri ikifa kabisa kiki huwasha, na selfu inaweza kuzungusha injini kwa nguvu zote huku plagi haina kitu.

"Maji ya betri" nayo yana mtego huohuo. Dukani unaweza kupewa tindikali, au ukapewa maji yaliyokenekwa. Kinachopungua ndani ya betri ya kuongezwa maji ni maji tu, tindikali hubaki. Basi ongeza yaliyokenekwa, yaishie kwenye mstari wa juu. Ukimimina tindikali, itazila bati zake.

Siku nyingine fundi akisema haina moto, muulize: wa betri, au cheche? Jibu lake ndilo litakaloamua mkono uanze kushika mita au spana ya plagi.