Ngitili: Malisho Yaliyofungwa ya Usukuma

Mgeni apitaye viungani mwa Mwanhuzi, mji wa Wilaya ya Meatu huko Usukuma, mwezi wa Julai, majira ambayo nyasi za malisho ya wazi zimekwisha kutafunwa hata mizizi, hustaajabu aonapo kando ya mashamba ya pamba kipande cha ardhi chenye nyasi zilizosimama kimo cha kiuno, kisicho na ukuta wala seng'enge wala mlinzi wa dhahiri, na ambacho, licha ya hayo yote, hakuna mchungaji aliyethubutu kuingiza humo japo ndama mmoja. Kipande hicho huitwa ngitili, nacho kimefungwa.

Kaida hii ni ya jadi. Mvua zianzapo, aghalabu mwezi wa Novemba, mifugo huondolewa mahali hapo ili nyasi zipate kukua bila bughudha; na kiangazi kinapokaza, pahali palepale hufunguliwa sehemu baada ya sehemu, wakitangulia wale ambao njaa ingewamaliza kwanza, yaani ndama, wagonjwa, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulima. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji kizima. Mipaka yake ni mti fulani, kichuguu fulani, au safu ya minyaa, na avunjaye miiko hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la wakazi, akatozwa faini ambayo sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, huhakikisha kwamba imelipwa.

Uimara wa mpango huo haukuuepusha na misukosuko ya karne iliyopita. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, ikiongozwa katika jambo hili na Charles Swynnerton aliyekuwa na makao ya utafiti wake Shinyanga mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1938, ilihimiza watu wafyeke pori ili mbung'o, mwenezaji wa malale, akose kivuli. Nami simlaumu kupita kiasi, maana malale ni ugonjwa unaoua watu na mifugo pamoja. Lakini mahali palipofyekwa hapakurudishiwa miti. Pamba ikaingia, idadi ya ng'ombe ikaongezeka, kuni zikakatwa. Kisha miaka ya 1974 na 1975 ikaja Operesheni Vijiji, ambayo iliwahamisha watu kutoka katika maboma yao na kuwakusanya mahali pamoja, na ngitili walizoziacha nyuma, maadamu hazikuwa tena na jirani wa kuzichunga, zikawa mali ya kila mwenye shoka na kila mwenye kundi.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipouzuru Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule ulijumuisha nchi ya Meatu na Bariadi, alifadhaishwa na ukame wa ardhi ile, na miaka miwili baadaye ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kuwa HASHI, kwa msaada wa Norwe. Mabwana misitu walianza kama ilivyo desturi ya miradi, kwa vitalu na miche. Hata hivyo miche mingi ilipendwa na mchwa kuliko ilivyopendwa na wenyeji. Mafanikio yalipatikana pale wataalamu walipokubali kuwauliza wazee, wakaambiwa kwamba visiki vya migunga vilikuwa vingali hai chini ya vumbi, na kwamba vilihitaji kupumzishwa tu. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa hazikuzidi hekta mia sita na ushei. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimefikia si chini ya hekta 350,000 katika vijiji 833, na pamoja na nyasi zikarudi kuni, asali, ezeko na dawa za mitishamba.

Isidhaniwe kwamba kila ngitili ni sadaka. Zile za kaya aghalabu ni za wenye ardhi kubwa, ambao humkodisha jirani malisho kwa fedha taslimu, na maskini asiye na ardhi hubaki nje akitazama. Kasoro hiyo ni kubwa, na wengi wazisifuo ngitili huipita kimya.

Wilaya ya Meatu inao pia ufungaji wa namna nyingine. Pori la Akiba la Maswa, lililotangazwa mwaka 1962, lina zaidi ya kilomita za mraba elfu mbili zinazopakana na Serengeti, na ng'ombe aingiaye humo hukamatwa. Sisemi lifunguliwe, kwa kuwa wanyama wa Serengeti hawajui mipaka ya ramani na wanalihitaji pori hilo. Nasema tu kwamba katazo lisilokuwa na msimu wa kufunguliwa, lililowekwa na mamlaka ya mbali, huheshimiwa kwa kadiri ya askari waliopo, ilhali ngitili huheshimiwa hata usiku wa manane, kwa sababu kila mmoja anajua ni lini zamu yake ya kuchunga itafika na ni nani aliyeketi barazani siku ilipofungwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutenga ardhi ya jumuiya. Basi viongozi wa vijiji vya Meatu, Itilima na Bariadi ambao ngitili zao zingali katika vichwa vya wazee peke yake, waziandike katika mpango wa matumizi ya ardhi, mipaka na faini zake, kabla ya mashamba ya pamba kuzimega.